Mtajulishwa na Nani?

Kama ningepewa ruhusa ya kufuta neno moja tu hapa Nakivale, nisingefuta tusi. Tusi linaeleweka. Mtu akikutukana unajua ni nani aliyekutukana, amekuita nini, na saa ngapi. Neno ambalo ningelifuta ni "mtajulishwa".

Wote mnalijua. Limesemwa chini ya mti, limesemwa kwa megafoni, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mpaka mvua ikaifuta. "Majina yatatoka, mtajulishwa." "Zoezi limeahirishwa, mtajulishwa." "Mchakato unaendelea, mtajulishwa." Watu wanapiga makofi, wanafunga watoto mgongoni, wanaanza kurudi Juru na Rubondo kwa miguu. Njiani mama mmoja anamuuliza mwenzake, "Sasa balisema nini?" Mwenzake anajibu, "Balisema batatuambia."

Mkutano wa saa tatu nzima, na hicho ndicho kilichofika nyumbani.

Ninafanya kazi na vijana. Nilimaliza sekondari, basi, sikwenda mbele zaidi, wala sijioni kuwa mwalimu wa lugha. Lakini kazi yangu karibu yote ni maneno: kuyatoa ofisini kuyapeleka kwa vijana, kuyatoa kwa vijana kuyapeleka ofisini. Mtu anayechota maji kila siku anajua jerikani gani inavuja. Nataka kusema inavuja wapi.

Kwanza niseme kile nisicholalamikia, maana najua kuna watakaosoma mwanzo huu na kufikiri nakuja kuwasahihisha ngeli. Hapana. Sisi tuliotoka Kivu tunasema "batu" na "bintu", tunasema "mutoto iko nalala", tunachomeka Kifaransa, na tukikaa hapa miaka michache tunaongeza Kinyankole na Kiingereza. Wenzetu wa Burundi wana Kiswahili chao. Msomali aliyejifunzia dukani ana chake. Mtu akifika kutoka Mombasa au Dar es Salaam anacheka kidogo, na kuna hata Wakongomani wanaoona aibu kufungua mdomo mbele yake. Aibu ya bure. Hicho kinachoitwa Kiswahili sanifu kilichaguliwa na watu. Mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Unguja ndiyo iliyokubaliwa iwe ya vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuisimamia. Kongo haikuwemo. Ni Kiswahili kizuri, nami nakitumia hapa nikiweza, lakini bibi zetu hawakuweka sahihi popote kwamba hawatasema "batu".

Mama anayekuja mlangoni usiku akasema, "Mutoto iko mugonjwa tangu jana, anatapika, nitafutie boda," amesema kila kitu. Nani, nini, tangu lini, na wewe unatakiwa ufanye nini. Unaweza kuamka ukakimbia. Sasa weka pembeni yake sentensi hii: "Masuala ya kiafya ya walengwa yanaendelea kufanyiwa kazi kwa ushirikiano na wadau." Ngeli zote ziko sawa. Mwalimu angeipa alama zote. Lakini hakuna mtoto ndani yake, hakuna boda, na hakuna mtu wa kukimbia.

Kwa hiyo mimi sipigani na lugha mchanganyiko. Napigana na lugha safi isiyo na mtu ndani.

Tazama inavyotengenezwa. Kiswahili kina ile "-wa" ya mwisho wa kitendo: limeibwa, imevunjwa, ameitwa. Inasaidia pale usipomjua aliyefanya. Ukirudi shambani ukakuta mahindi yamekatwa, utasema "yamekatwa", kwa sababu hukumwona mwizi. Shida ni pale anayesema anamjua mwenye kitendo vizuri sana, anamjua kwa jina na kwa cheo, anakula naye mchana, na bado anasema "jina lako limeondolewa", "ombi lako linashughulikiwa", "mtajulishwa". Mkato huo wa herufi mbili umemficha mtu mzima na meza yake. Ukienda kulalamika, utamlalamikia nani? "Limeondolewa" haina ofisi. "Linashughulikiwa" haina namba ya simu.

Halafu yanakuja maneno mengine ya familia hiyo.

"Zoezi." Zamani nilijua mazoezi ni ya mpira au ya hesabu. Hapa kuchukua alama za vidole ni zoezi, kuhesabu watu ni zoezi, kufunga kadi za watu ni zoezi. Kitu kinachoweza kukupa chakula na kitu kinachoweza kukunyima chakula vinaitwa jina moja. Mama akiamka asubuhi kwenda kwenye "zoezi" hajui kama anaenda kuongezwa au kupunguzwa.

"Changamoto." Tunaambiwa kuna changamoto ya maji. Je, bomba limepasuka? Mafuta ya pampu yamekwisha? Koki imeibwa? Kama ni bomba, vijana wa kijiji wanaweza kuchimba leo. Kama ni mafuta, tujipange kwenda ziwani siku mbili. Kama ni mwizi, tunamjua. "Changamoto" haituambii tushike jembe, tushike jerikani au twende polisi. Inatuambia tukae.

"Walengwa." Hili naomba wenzetu wa mashirika walisikilize kwa masikio yetu. Mnasema "walengwa wa mradi", na mnamaanisha watu watakaosaidiwa. Sisi tumekimbia bunduki. Kwetu mtu aliyelengwa alizikwa.

Na "motisha". Sisi tunaofanya kazi kwenye mashirika tukitokea ndani ya makazi tunaitwa volontia, na tunacholipwa kinaitwa motisha. Volontia ni mtu anayejitolea akipenda. Jaribu kuchelewa saa moja uone kama ni kujitolea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Basi kama bajeti ndiyo ndogo, semeni bajeti ni ndogo, tutaelewa, tumezoea vitu vidogo. Lakini msiipe kazi jina la zawadi. Zawadi huwezi kuidai ikichelewa, wala huwezi kuuliza kwa nini mwaka huu ni ndogo kuliko mwaka jana.

Kuna atakayesema kijana huyu anachagua maneno kama anachagua mchele, watu wana njaa yeye anashughulika na sarufi. Ngoja nikuoneshe sarufi inavyoleta njaa.

Papa mmoja wa kijiji chetu aliambiwa mwezi wa nane kwamba kesi yake ya kuhamia nchi ya tatu "iko hatua za mwisho". Hakuna aliyemwambia kama hatua za mwisho ni wiki au ni miaka. Huku kwetu mvua ya pili inaanza mwezi wa tisa, na asiyepanda mwezi huo hali. Papa akafikiri: nilime, nimwachie nani? Akamwazima jirani kipande chake cha shamba, akauza mbuzi wawili na jembe, akanunua mabegi mawili makubwa. Mwezi wa kumi na mbili jirani alikuwa anavuna maharage, na yule papa alikuwa anaenda kwake na bakuli kuomba. Nilipomuuliza aliniambia, "Banasema prosesi iko naendelea." Mabegi yako bado ndani, yamewekewa nguo za watoto. Na kila aliyezungumza naye anaweza kuapa mbele ya Mungu kwamba hakumdanganya. Ni kweli, hakudanganywa. Aliambiwa kitu ambacho hakiwezi kuwa uongo kwa sababu hakina mwisho.

Kingine. Meseji moja ilitoka kwa Kiingereza ikiwa na 8:00 ya asubuhi. Aliyeitafsiri akaandika "saa nane". Kwa anayesema Kiswahili, saa nane ni mchana, watu wameshakula kama kuna cha kula. Asubuhi ile ni saa mbili. Basi kijiji kikafika mchana na watoto na makaratasi, na watu wa mashine za alama za vidole walikuwa wanafunga masanduku. Kwenye mkutano uliofuata tukasikia kwamba komunite "haikuwa na mwitikio mzuri". Kosa la tarakimu moja likageuka kuwa tabia yetu. Dawa yake ilikuwa maneno matatu: saa mbili asubuhi. Mtu mmoja anayelala na kuamka kwa Kiswahili angeisoma ile meseji kabla haijatumwa, angeligundua kabla hajamaliza chai.

Cha tatu ni kikubwa, nacho kilimgusa kila mtu. Mwezi wa saba mwaka 2023 Programu ya Chakula Duniani iligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu. Kundi la kwanza, wenye hali ngumu kuliko wote, walibaki na asilimia 60 ya rasheni kamili. Kundi la pili wakapata asilimia 30. Kundi la tatu, wanaohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea, hawakupata tena chakula wala pesa. Sababu ilijulikana: pesa za wafadhili zimepungua.

Unaona? Sentensi tano. Zinauma, lakini bibi yangu anazielewa, na anajua kesho apike kiasi gani. Sasa kumbuka zilivyotufikia vijijini, kwa vinywa vingi, vya maofisa, vya wakalimani, vya viongozi wetu na vya majirani. "Msaada utazingatia kipaumbele." "Kuna mabadiliko ya mfumo." "Watu watapangwa kulingana na udhaifu." Neno hilo la mwisho peke yake lilifanya kazi kubwa. Nilikutana na baba wazima waliokasirika kuitwa dhaifu mbele ya wakwe zao, wanadai watolewe kwenye hilo kundi, hawajui kwamba wanadai watolewe kwenye sahani. Wengine walifikiri "kujitegemea" ni cheti kizuri, wakafurahi. Mimi simlaumu mtu kwa upungufu wa pesa, pesa si yangu wala si ya yule ofisa aliyesimama juani. Ninalaumu kwamba habari ya kupungua kwa chakula ilivalishwa nguo ya sherehe mpaka wenye njaa hawakuitambua.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote.

Kila mkimbizi anayesoma hapa amewahi kukaa mbele ya meza akaulizwa. Ulitoka kijiji gani? Tarehe gani? Waliovamia walikuwa wangapi, walivaa nini, walisema lugha gani? Kamanda wao aliitwa nani? Ulivuka wapi, Bunagana au Ishasha? Ulikuwa na nani? Baada ya mwaka unaulizwa tena, na ukisema Jumanne mahali uliposema Jumatano, kalamu inasimama, mtu anainua macho. Tunakubali. Wanaouliza wana sababu zao, na maisha ya watu yanategemea ukweli.

Lakini fikiria siku ile ningejibu kwa lugha ya mikutano yetu. "Kijijini kwetu kulikuwa na changamoto za kiusalama. Zoezi la kuondoka lilifanyika kwa kushirikisha wadau mbalimbali. Baadhi ya watu waliathirika. Mchakato uliendelea mpaka mpakani." Ningepewa hadhi ya ukimbizi kwa maneno hayo? Ningeambiwa ninaficha kitu. Na ingekuwa haki yao kuniambia hivyo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilitoa kitabu cha mwongozo mwaka 1979 kuhusu namna ya kuamua nani ni mkimbizi, na humo limesema mwombaji apewe msaada anaouhitaji ili aeleze kesi yake, pamoja na mkalimani anayeiweza kazi hiyo. Maana yake wakubwa walielewa zamani, kabla mimi sijazaliwa, kwamba sentensi isiyoeleweka inaweza kumrudisha mtu kwenye panga. Kama ni hivyo kwa maneno yanayotoka kwetu kwenda mezani kwenu, kwa nini isiwe hivyo kwa maneno yanayotoka mezani kwenu kuja kwetu? Sisi tuliwapa jina la kijiji, tarehe na jina la kamanda, tena wengine tukilia. Tunaomba na nyinyi mtupe jina, tarehe na mlango wa ofisi.

Nisiwaseme wageni peke yao, kwa maana ugonjwa huu umeshaingia ndani ya nyumba zetu. Mwenyekiti wa kijiji anaulizwa habari ya choo cha shule anajibu, "Tumeshapeleka juu." Juu wapi? Juu ya mti? Kuna barua? Ilipokelewa na nani? Kijana anakusanya michango ya jezi, anaulizwa jezi ziko wapi, anasema "kuna mambo yanawekwa sawa". Na sisi sote tuna ile tabia ya kusema "UN walisema". Kila gari jeupe kwetu ni UN. Ofisi ya serikali ni UN, shirika la shule ni UN, mtu wa kupima udongo ni UN. Kisha tunakwenda kulalamika kwenye mlango usio wake, tunafukuzwa, tunarudi kusema UN hawatupendi. Ukitaka kudai jina kutoka kwa mwenzako, jifunze na wewe kumtaja kwa jina.

Tena kuna watu ambao ukungu huu ndio shamba lao. Unawajua. Anakuja jioni, anaongea kwa sauti ya chini: "Kuna mtu wangu ndani. Kesi yako imekwama kidogo, inahitaji kusukumwa." Sikiliza sentensi hiyo. Hakuna jina, hakuna ofisi, hakuna tarehe. Imeshonwa kwa kitambaa kile kile cha "mchakato unaendelea", ndiyo maana mtu anaiamini na kuuza simu yake. Huduma za wakimbizi ni bure, kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure, na UNHCR wanasema hivyo wazi. Lakini mtu aliyezoeshwa miaka kumi kusikia sentensi zisizo na mwenyewe, atazitambuaje za mwizi? Kampeni za kupinga utapeli ni nzuri, mabango ni mazuri. Ila mkitaka tumtambue tapeli kwa mazungumzo yake, nyinyi msizungumze kama yeye.

Najua majibu ninayopewa, kwa sababu nimepewa mara nyingi.

La kwanza: "Sisi wenyewe hatujui tarehe. Tukitaja siku na isitimie, watu watatugeukia." Hili ni jibu la kweli na nalihurumia, maana ofisa wa chini hana ufunguo wa stoo, na mtu akikasirika humkasirikia aliye karibu. Lakini Kiswahili kina neno fupi, la silabi tatu, halina aibu: sijui. "Sijui" ni habari kamili. Yule papa angeambiwa "hatujui kama ni mwaka huu au miaka mitano", angepanda maharage yake. "Mtajulishwa" ni "sijui" iliyovaa suti.

La pili: "Ni heshima. Waswahili na Waafrika tunasema kwa mafumbo, habari mbaya haitupwi usoni." Kweli, staha ni yetu. Mtu akifiwa hatumwambii kwa megafoni. Tunamkalisha, tunamwita shangazi yake, tunazunguka kidogo. Lakini hata kwenye kilio, mwisho wa kuzunguka jina la marehemu linatajwa, na siku ya kuzika inatajwa. Staha ni namna ya kufikisha habari, na ukizunguka usifike hujastahi mtu, umempotezea siku. Wazee wetu wenyewe wamesema mficha uchi hazai.

La tatu linasemwa kwa sauti ndogo, watu wa ofisi wakiwa peke yao, na wakati mwingine wakisahau kwamba volontia yupo: "Hawa hawajasoma, mambo haya ni magumu, wataleta fujo." Jamani. Hapa kuna mama anayejua kwa kichwa madeni ya nyumba kumi na mbili, nani alichukua kopo ngapi za unga na tarehe gani. Kuna babu aliyevuka mipaka mitatu na watoto sita bila ramani. Watu hawa wataelewa kundi la kwanza, la pili na la tatu. Fujo nyingi nilizoziona mimi zilianza pale watu walipoona kuna kitu kinafichwa, hata kama hakikuwepo.

Sasa tufanye nini? Kwenye kikundi chetu cha vijana tumejiwekea maswali manne, na tumeyaandika kwa mkaa kwenye ukuta ili yasisahaulike. Nani? Nini? Lini? Nisipopata, niende wapi? Tangazo lolote likija, liwe la shirika, la mwenyekiti au la kepteni wa timu, tunaliuliza hayo manne kabla hatujalipeleka kijijini. Likikosa moja, tunalirudisha lilipotoka na kuuliza kwa adabu. Kuna ofisa mmoja alikasirika mwanzoni. Siku hizi anakuja na tarehe ameiandika kwenye kiganja.

Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Mama, inua mkono kwenye mkutano. Usiogope Kiswahili chako. Mtu akisema "mtajulishwa", uliza tu: "Na nani, papa?" Akisema "hivi karibuni", uliza: "Kabla ya mvua au baada ya mvua?" Hakuna tusi hapo, hakuna fujo, na huwezi kufungwa kwa kuuliza siku. Vijana mnaotafsiri, msione haya kumgeukia bosi na kumwambia, "Sentensi hii sina namna ya kuipeleka, haina mtu." Mkalimani ana kazi ya kupeleka maana, na pasipo na maana hana cha kubeba.

Na kwenu nyinyi wa mashirika mnaosoma gazeti hili dogo wakati wa chai, hatuwaombi kitu kinachohitaji mfadhili. Mkisimama mbele yetu na jibu hamnalo, semeni hivi: "Naitwa fulani, natoka ofisi fulani. Jambo hili sijui bado. Nitarudi hapa hapa chini ya mti Ijumaa saa nne asubuhi, kuwaambia kama nimejua au sijajua."

Halafu Ijumaa mje.